Kabla Hujachomeka Waya: Kuilinda Pochi ya Sarafu za Kidijitali

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya vijana na wazazi mjini Isiolo. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi wa Garbatulla, Merti, Oldonyiro na kwingineko ambao hawakuweza kufika.



Kwanza niweke jambo moja wazi, ili mtu asitoke hapa akasema kaunti imemwambia hivi au vile. Serikali ya kaunti haiuzi sarafu za kidijitali, hainunui, wala haimshauri mtu yeyote kuweka akiba yake huko. Bei ya sarafu hizi hupanda na kushuka kwa siku moja kuliko bei ya ng'ombe inavyobadilika kwa mwaka wa kiangazi. Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari Desemba 2015, ikasema sarafu kama Bitcoin si fedha halali nchini na kwamba anayepata hasara hana kinga. Tangu hapo mambo yamesonga. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya kusimamia kampuni zinazotoa huduma za mali za kidijitali. Sheria hiyo imeipa Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia kampuni hizo. Ni hatua nzuri. Lakini kumbukeni, sheria inasimamia kampuni. Haikai mezani kwako usiku ukiwa peke yako na kompyuta.

Kwa nini basi tuzungumze habari hii? Kwa sababu sarafu hizi tayari ziko hapa kwetu. Wapo vijana wa Bulla Pesa, Wabera na Kulamawe wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa nje, na baadhi ya wateja hao hulipa kwa njia hiyo. Wapo wenye jamaa ughaibuni wanaotuma kitu kidogo kwa njia hiyo. Mtu akishakuwa na mali, hata kama mimi singemshauri ainunue, ana haki ya kujua namna ya kuilinda.

Kisa changu mwenyewe

Sitaanza na nadharia. Nitaanza na aibu yangu.

Mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza shahada ya uanahabari na sina kazi. Nilipata riziki kwa kuandika makala mtandaoni. Mteja mmoja alikuwa akinilipa kwa USDT, sarafu ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Nilijikusanyia polepole mpaka nikafikisha kama shilingi 64,000. Pesa hizo zilikuwa na kazi yake: karo ya muhula ya dada yangu mdogo aliyekuwa chuoni. Kwa kuogopa kuibiwa, nilinunua kile kifaa kidogo kinachofanana na flashi, ambacho leo nitakiita pochi. Kilikuwa kipya kabisa. Nikaandika maneno yake 24 kwenye daftari, nikajiona mjanja.

Siku ya kulipa karo ilipofika, kompyuta yangu ilikuwa imeharibika. Nikaingia saiba. Nikatafuta programu ya pochi ile kwenye intaneti, nikabofya kiungo cha kwanza kabisa kilichojitokeza, kile kilicholipiwa kama tangazo. Nikapakua, nikachomeka waya. Programu ikafunguka. Nembo ni ile ile, rangi ni zile zile. Kisha maandishi mekundu yakatokea: kifaa chako kina hitilafu, weka maneno yako 24 ili kithibitishwe. Nikafungua daftari, nikaandika neno moja baada ya jingine, nikihakikisha sijakosea hata herufi. Sijawahi kuandika kitu kwa usahihi kama siku ile.

Kufikia saa saba mchana salio lilikuwa sifuri.

Dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Alirudi chuoni baada ya baba kuuza ng'ombe wawili. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nimewasimulia haya kwa sababu moja. Pochi yangu haikuvunjwa. Hakuna mwizi aliyeingia ndani yake kupitia waya. Kifaa kilifanya kazi yake yote sawasawa. Aliyekosea ni mimi, kwa kuiamini kompyuta kuliko kifaa nilichokinunua ili nisiwe na haja ya kuiamini kompyuta. Mkisahau mengine yote ya leo, kumbukeni hilo.

Muhuri na karani

Baba yangu aliniuliza swali zuri sana wakati ule. Alisema, mbuzi wangu nawaona zizini. Hiyo pesa yako iko wapi? Iko ndani ya hicho kidude?

Hapana. Sarafu zenyewe haziko ndani ya pochi. Zimeandikwa katika daftari la pamoja lililonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila mtu anaweza kulisoma. Kilicho ndani ya pochi ni ufunguo wa siri, yaani kitu kinachokuwezesha kusema: mali iliyoandikwa kwenye anwani hii ni yangu, na sasa naamuru ihamishwe kwenda kwa fulani.

Fikirieni muhuri wa chifu. Karani anaweza kuandika barua yoyote, nzuri au ya ulaghai, lakini barua haina nguvu mpaka igongwe muhuri. Na muhuri hautembezwi mitaani. Barua ndiyo inayoletwa kwenye muhuri. Chifu mwenye busara huisoma kwanza, kisha anagonga, kisha anaurudisha muhuri kwenye droo na kufunga.

Hapo kompyuta ni karani. Pochi ni muhuri. Chifu ni wewe.

Unapotaka kutuma pesa, kompyuta huandaa ombi na kulipeleka kwenye pochi kupitia waya. Pochi inakuonyesha ombi hilo kwenye kioo chake kidogo. Ukibonyeza kukubali, pochi inatia sahihi ndani kwa ndani na kurudisha ombi likiwa limetiwa sahihi. Ufunguo wenyewe hautoki. Ndiyo maana pochi nzuri inaweza kuunganishwa hata na kompyuta yenye virusi na ufunguo ukabaki salama.

Lakini chifu anaweza kuharibu mambo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugonga muhuri bila kusoma barua. Ya pili ni kumpa mtu mwingine muhuri wenyewe, na hayo maneno 24 ndiyo muhuri wenyewe. Karibu kila wizi wa namna hii hupitia moja ya milango hiyo miwili.

Kabla ya kuunganisha

Sasa tuingie kwenye kazi. Nitakwenda hatua kwa hatua.

Kwanza, chunguza pochi imetoka wapi. Kampuni mbili zinazojulikana sana ni Ledger ya Ufaransa na Trezor ya Jamhuri ya Czech, ambayo ilianza kuuza pochi yake ya kwanza mwaka 2014. Zipo nyingine. Nunua kutoka kwa mtengenezaji au kwa muuzaji aliyetajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Usinunue iliyotumika, hata kama ni ya rafiki, hata kama ni bei ya kutupa. Na ukifungua boksi ukakuta kadi ambayo tayari imeandikwa maneno 24, au PIN ambayo tayari imewekwa, hiyo si zawadi. Ni mtego. Aliyeyaandika anayo nakala, naye anasubiri ujaze pesa. Pochi halali huyatengeneza maneno yake yenyewe mbele ya macho yako, kwenye kioo chake, siku unapoiwasha mara ya kwanza.

Pili, chagua kompyuta. Bora iwe yako, si ya saiba wala ya ofisini. Nimesema pochi inaweza kustahimili kompyuta chafu, lakini kustahimili si sababu ya kuitafuta. Sasisha mfumo wa kompyuta. Ondoa programu za bure zilizovunjwa kufuli, zile tunazopeana kwenye flashi ili tusinunue leseni. Nyingi huja na virusi. Ondoa pia programu zinazomruhusu mtu wa mbali kuiongoza kompyuta yako, na usiwe kwenye simu ya video ambayo umemruhusu mwenzako kuona skrini yako.

Tatu, pakua programu ya pochi kwa njia ya uhakika. Andika anwani ya tovuti ya mtengenezaji wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, kama ilivyochapishwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Usitafute kisha ukabofya tangazo, kama nilivyofanya mimi. Ukishafika, weka alama kwenye kivinjari ili kesho usitafute tena. Wala usifikiri duka kubwa la programu lina kinga kamili. Novemba 2023, programu bandia iliyojifanya kuwa ya Ledger ilipatikana ndani ya duka rasmi la Microsoft, na watu walioipakua wakapoteza pesa nyingi kabla haijaondolewa. Kama hilo liliwezekana kwenye duka la Microsoft, kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp kina dhamana gani?

Siku ya kuunganisha

Nne, waya. Tumia waya uliokuja na pochi. Wengi hupoteza ule waya, wakachukua wa kuchajia simu, kisha wakashangaa kwa nini kompyuta haioni kifaa. Waya nyingine hupitisha chaji tu, hazipitishi data. Hapo ndipo mtu huanza kuhangaika, anaandika shida yake kwenye Facebook au Telegram, na ndani ya dakika chache anapata msamaria mwema wa kumsaidia. Huyo msamaria ndiye mwizi. Kabla ya kuomba msaada kwa mtu usiyemjua, badilisha waya. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyi chenye matundu mengi.

Tano, fungua pochi kwa nambari yake ya siri, yaani PIN. Kwa pochi nyingi unaiweka kwenye kifaa chenyewe. Kwa baadhi ya aina za zamani, kompyuta inaonyesha miraba mitupu na kioo cha pochi kinaonyesha nambari ipi iko wapi, ili anayechungulia kompyuta asipate kitu. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala PIN yako ya M-Pesa. Na usibahatishe. Pochi za Ledger hujifuta ukikosea PIN mara 3, na za Trezor ukikosea mara nyingi zaidi. Usiogope kufutika kwake, mradi maneno 24 unayo. Utazirudisha funguo zako kwenye kifaa hicho hicho au kingine. Bila maneno hayo, ni kwaheri.

Sita, iache programu rasmi ikikague kifaa. Itakuambia kama ni halali na kama programu yake ya ndani inahitaji kusasishwa. Kusasisha ni vizuri, lakini kwanza hakikisha unajua karatasi ya maneno iko wapi. Na sikilizeni vizuri: kukagua kifaa hakuhitaji maneno 24. Kusasisha hakuhitaji kuyaandika kwenye kompyuta. Hakuna hitilafu yoyote, ya rangi yoyote, inayotibiwa kwa kuandika maneno 24 kwenye kibodi au kwenye tovuti. Siku ambapo utayahitaji kweli, yaani unaporudisha funguo kwenye kifaa kipya, fuata maagizo yanayotokea kwenye kioo cha kifaa, na uyaingize kwenye kifaa chenyewe. Ukinunua pochi, chagua aina inayoruhusu hivyo.

Saba, kupokea pesa. Programu itakuonyesha anwani yako kwenye kompyuta, mlolongo mrefu wa herufi na nambari. Usiinakili bado. Bonyeza ili anwani hiyo ionekane pia kwenye kioo cha pochi, kisha linganisha. Zikitofautiana hata herufi moja, chomoa waya. Kompyuta inakudanganya.

Nane, kutuma. Hapa ndipo chifu anaposoma barua. Kuna virusi ambavyo kazi yake ni moja tu: ukinakili anwani ya mtu unayemlipa, vyenyewe vinabadilisha na kubandika anwani ya mwizi. Kwenye kompyuta huwezi kugundua kwa urahisi, maana nani anakariri herufi 34? Wezi wengine hutengeneza anwani inayofanana na yako mwanzoni na mwishoni, kwa kuwa wanajua watu huangalia herufi nne za mbele na nne za nyuma. Kwa hiyo soma yote. Soma kwenye kioo kidogo, ukilinganisha na ile uliyopewa na mlipwaji kwa njia nyingine, kwa mfano akikusomea kwenye simu. Angalia anwani, kiasi, na ada. Hakikisha pia mtandao ni ule ule mliokubaliana, kwa sababu USDT ile ile hupita kwenye mitandao tofauti. Kisha tuma kiasi kidogo kwanza. Kikifika, tuma kilichobaki. Utalipa ada mara mbili, ndiyo. Ni nafuu kuliko ng'ombe wawili.

Na kama kioo cha pochi kinakuonyesha ombi usilolielewa, maandishi na nambari tupu zisizosema nani anapata nini, usibonyeze. Kataa. Kukataa hakugharimu kitu.

Tisa, ukimaliza chomoa. Pochi haina kazi ya kukaa imechomekwa usiku kucha. Irudishe mahali pake, ufunge.

Kwa M-Pesa, ukituma kwa nambari isiyo sahihi, unaupeleka ule ujumbe kwa 456 na kuna uwezekano wa kurudishiwa. Huku hakuna 456. Muamala ukishathibitishwa na kuandikwa kwenye lile daftari la pamoja, hakuna meneja, hakuna hakimu wala mbunge anayeweza kuufuta.

Maneno 24

Maneno haya ni ya Kiingereza cha kawaida, yamechaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048 inayojulikana na kila mtu. Siri haiko kwenye orodha, iko kwenye maneno yapi yamechaguliwa na mpangilio wake. Pochi nyingine hutumia 12. Mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake hahitaji pochi yako, hahitaji PIN yako, hahitaji hata kuja Kenya.

Kwa hiyo yaandike kwa kalamu, kwenye karatasi. Usiyapige picha, picha za simu hujipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usiyatume kwa baruapepe, hata kwako mwenyewe. Usiyasome kwa sauti mbele ya simu. Usiyachapishe wala kuyatoa fotokopi saiba. Andika nakala mbili na uziweke katika nyumba mbili tofauti. Sisi tunajua moto wa manyatta, tunajua mchwa, na tunakumbuka mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, zilivyofurika na kubeba vitu ambavyo watu waliviweka miaka mingi. Mwenye akiba kubwa anaweza kuyachonga kwenye bamba la chuma.

Wazee wetu, hapa nina neno kwenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wako akifariki leo, Mungu aepushe, na hakuna anayejua kwamba pochi ipo wala karatasi ilipo, mali hiyo imezikwa naye. Hakuna mahakama ya urithi inayoweza kuifungua. Si lazima akuonyeshe maneno. Inatosha mtu mmoja anayeaminika ajue kwamba kitu kipo, na mahali pa kutafuta.

Wanaobisha hodi

Wizi mwingi hauanzi kwenye waya. Unaanza kwa mtu kubisha hodi. Mwaka 2020 wadukuzi walipata orodha ya wateja wa Ledger. Pochi zao hazikuguswa, lakini majina, nambari za simu na anwani za nyumbani za watu zaidi ya 270,000 zilivuja na kusambazwa mtandaoni. Kilichofuata ni baruapepe za vitisho, jumbe za simu, na mwaka 2021 baadhi ya wateja wakapokea kwa posta pochi mpya kabisa, zimefungwa vizuri, na barua inayoeleza kwamba kwa usalama wao wanabadilishiwa kifaa. Pochi hizo zilikuwa zimechokonolewa ndani. Maagizo yake yalikuwa yale yale niliyokutana nayo mimi saiba: chomeka kwenye kompyuta, weka maneno yako 24.

Mnaona? Mlango hubadilika, ombi halibadiliki. Anaweza kujifanya kampuni, benki, polisi, mamlaka ya ushuru, au mchumba. Mwishowe atataka kitu kimoja kati ya viwili: maneno yako, au kidole chako kibonyeze kukubali.

Na hili nalisema kama afisa wa serikali: hakuna mfanyakazi wa Kaunti ya Isiolo mwenye sababu ya kukuuliza maneno hayo. Si mimi, si mtu wa mapato, si mtu wa basari, si mtu wa kuandikisha vijana. Akikuuliza, huyo si wa kaunti. Na kama kweli ni wa kaunti, basi ni mwizi aliyeajiriwa, nasi tunataka kumjua.

Ikiwa umeshateleza

Kama umeandika maneno yako mahali usipopaswa, usikae ukijilaumu. Kimbia. Ikiwa bado kuna salio, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya na uhamishe kila kitu dakika hiyo hiyo, kwa sababu unashindana na mtu. Kubadilisha PIN hakutasaidia. Kisha hifadhi ushahidi: tovuti uliyoingia, ujumbe uliopokea, anwani ambayo pesa zilikwenda. Nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Kuingilia kompyuta ya mtu na kumlaghai mtandaoni ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Sitakudanganya kwamba pesa zitarudi. Lakini mimi sikuripoti, kwa aibu, na naamini ukurasa ule ulimla mtu mwingine wiki iliyofuata.

Tena jihadhari na mlango wa pili wa wizi ule ule: atakayekupigia akisema anaweza kukurejeshea pesa zilizopotea ukimlipa ada kidogo. Aliyekwisha kung'atwa ndiye wanayemtafuta tena.

Neno la mwisho

Pochi hizi huuzwa kuanzia kama dola 50. Kama ulichonacho ni cha shilingi elfu mbili tatu, huna haja ya kununua kufuli ghali kuliko mlango. Lakini kama umebeba karo ya mtu, mahari ya mtu, au kazi yako ya mwaka mzima, basi tulia kabla ya kuchomeka waya. Usiunganishe ukiwa na haraka. Usiunganishe ukiwa na hasira au usingizi. Mimi nilikuwa na haraka. Ofisi ya karo ilikuwa inafunga saa kumi.

Dada yangu alihitimu, na sasa anafanya kazi. Mwezi uliopita alinunua pochi yake, akaniomba nimsaidie kuiweka. Nilikaa upande wa pili wa meza. Maneno yalipoanza kutokea kwenye kioo kidogo, niligeuza kiti nikatazama ukutani mpaka akamaliza kuandika. Akacheka, akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia, maneno hayo ni yako peke yako, hata kaka yako hayamhusu.

Mwenye swali aulize, ila asituambie ana kiasi gani.